Kutunza Motokaa Inayojibadilishia Vitesi

Hapa Wamaza watu wana mzaha wao juu ya motokaa zisizo na ambreyaji. Husema, "Hiyo ni motokaa ya mwenye mguu mmoja." Na kweli, mguu wa kushoto wa dereva hauna kazi humo, hukaa kando kama mgeni aliyepewa kiti. Dereva huvuta fimbo mara moja hadi herufi D, hukanyaga esanse, na motokaa yenyewe huchagua vitesi ya kwanza, ya pili na ya tatu, ikipanda na kushuka bila kumwuliza mtu.

Zamani motokaa za namna hiyo zilikuwa adimu sana katika Maniema ya kusini. Tulizozizoea ni malori ya wafanya biashara, na zile Land Cruiser za misioni na za hospitali, zenye fimbo ndefu na vitesi zinazolia. Siku hizi motokaa zilizokwisha kutumika Japani hushuka melini Dar es Salaam, hupita Kigoma, huvuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie. Nyingine hupita Rwanda na kuingia Bukavu. Nyingi kati yake hazina ambreyaji. Ndivyo ilivyotufikia hii yetu. Tulikuwa walimu wanne na katekista mmoja, tukainunua kwa shirika: Toyota ndogo iliyoundwa mwaka 1997, usukani upande wa kuume, kitabu chake kimeandikwa Kijapani tangu mwanzo hata mwisho. Kilatini tulichofundishwa seminarini hakikutusaidia humo hata neno moja.

Tangu siku ile motokaa haikuwa yetu peke yetu. Katika nchi hii mwenye motokaa hana usiku wake. Mama akishikwa na uchungu, na muuguzi wa kituo cha afya akiona kwamba mtoto amelala vibaya tumboni, mlango unaobishwa ni wetu. Safari ni ya Kasongo, kwenye hospitali kubwa, hata kama mvua inanyesha. Padri alikuja kuibariki motokaa, akatuambia kwamba Papa Pius XI alimweka Mtakatifu Fransiska wa Roma kuwa msimamizi wa waendesha motokaa katika mwaka 1925. Tulifurahi kusikia hayo, maana tulimjua Mtakatifu Kristofa tu.

Basi ilipoanza kuugua, wengi walihuzunika pamoja nasi. Mwanzoni ilikuwa jambo dogo. Ulivuta fimbo hadi D, ukahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo motokaa ikashtuka na kuondoka. Baadaye, katika kupanda mlima, mashine ilinguruma kwa nguvu lakini magurudumu hayakuifuata, kama mtu anayepiga kelele shambani na jembe limelala. Tukaiweka chini ya mwembe. Katika miezi ile wagonjwa walichukuliwa kwa pikipiki, mgonjwa katikati, dereva mbele na ndugu yake nyuma akimshika asianguke. Mwenye kuijua barabara ya Kasongo wakati wa masika ajua safari hiyo ni ya namna gani kwa mama mwenye mimba.

Mashauri hayakukosekana. Vijana wa mtaa walikuja wengi, tayari kuisukuma, kwa sababu hapa kila motokaa iliyokufa hufufuliwa kwa kusukumwa. Fundi mmoja wa pikipiki alisema tumimine mafuta mazito ya mashine, yale ya namba 40, nayo itashika. Mwenzetu mmoja alitoa shauri la tatu, naye alilitoa kwa sauti ndogo: tuipeleke Kindu ingali inatembea kidogo, tuiuze asubuhi kabla haijapata moto, na tusiseme neno. Alisema kwamba ndivyo sisi wenyewe tulivyouziwa. Hakuna aliyejibu upesi. Mwisho katekista alisema, "Na huko Kindu nako kuna akina mama wenye mimba." Shauri hilo halikutajwa tena.

Hayo mengine mawili yanataka kuelezwa kwa nini hayafai, maana wengi wenye motokaa za namna hii huyafuata na kuziua. Katika motokaa ya kawaida, mashine na magurudumu huunganishwa na sahani ya ambreyaji: chuma hushika chuma, na mguu wa dereva ndio unaoziachanisha. Katika motokaa hizi kiungo ni mafuta. Fikirini vyungu viwili vilivyofunikana mdomo kwa mdomo. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mabawa, yanatazamana lakini hayagusani, na nafasi yote imejaa mafuta. Gurudumu la kwanza linazungushwa na mashine. Linayarusha mafuta juu ya mabawa ya la pili, nalo la pili huzunguka. Tuliwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa beseni la maji: ukiyakoroga kwa mwiko upande mmoja, kibuyu kinachoelea upande wa pili huanza kuzunguka, ingawa mwiko haukukigusa. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, ndiye aliyebuni njia ya namna hii katika mwaka 1905, naye alikuwa akifikiria meli, si motokaa. Katika mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza motokaa za Oldsmobile zenye sanduku la vitesi linalojiendesha kabisa.

Nyuma ya vyungu hivyo mna vitesi zenyewe: magurudumu ya meno, madogo yakilizunguka kubwa kama sayari zinavyolizunguka jua. Ili vitesi fulani ishike, sahani nyembamba zilizovikwa kitu kama karatasi ngumu hukandamizwa pamoja. Na kinachozikandamiza ni nini? Ni mafuta yale yale, yanayosukumwa na pampu katika njia nyembamba nyingi, kama njia za mchwa ndani ya kichuguu. Mafuta hayo hayo hulainisha meno, na huchukua joto lote kulipeleka kwenye radiyatere. Yakipungua, pampu huvuta hewa, na hewa haina nguvu ya kukandamiza sahani. Ndipo motokaa hunguruma bila kwenda.

Sasa mtaona kwa nini kusukuma ni kazi bure. Pampu huzungushwa na mashine. Mashine ikiwa imezimika, hakuna mafuta yanayosukumwa, hakuna sahani inayoshika, na watoto wa shule nzima wakisukuma hadi jioni, mashine haitageuka. Kwa sababu hiyo betri nzima ni ya lazima kuliko katika motokaa nyingine. Tena haifai kuikokota kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa yako chini, kwa maana meno huzunguka bila kulainishwa. Na ile desturi ya madereva wetu ya kuzima mashine katika mteremko ili kuponya esanse, nayo huleta hasara ile ile. Esanse ya kikombe kimoja huponywa, na vitesi huungua.

Mafuta mazito ya mashine nayo hayapiti vizuri katika njia zile nyembamba, wala hayakutengenezwa kwa ajili ya zile sahani za karatasi. Mafuta ya vitesi hizi ni ya namna yake. Yanajulikana kwa herufi ATF, ni mepesi, na kwa kawaida yametiwa rangi nyekundu ili yasichanganywe na mengine. Yakiwa mapya yanafanana na mawese yaliyotoka kukamuliwa. Zamani yalitiwa ndani yake mafuta ya nyangumi, ili sahani zishike taratibu bila kushtuka. Mambo hayo yalikoma katika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyangumi walipolindwa kwa sheria, na makampuni yakapata shida kutafuta badala yake. Tunapenda kukumbuka jambo hili kila mara tunapoambiwa kwamba mafuta ni mafuta tu.

Kwanza tuliyapima. Katika Toyota ya miaka ile mna kijiti cha kupimia, tofauti na kile cha mashine. Motokaa husimamishwa mahali palipo sawa ikiwa imekwisha kupata moto, mashine inazunguka, breki imekanyagwa. Fimbo hupitishwa polepole katika herufi zote na kurudishwa P. Ndipo kijiti huvutwa, hufutwa, hutumbukizwa na kuvutwa tena. Kina alama mbili, za baridi na za moto. Kijiti chetu kilionyesha chini ya alama zote. Kilichokuwa kwenye ncha kilikuwa cheusi kama kahawa, nacho kilinuka kama ugali ulioungua. Chini ya sanduku tuliona mahali palipolowa, panapovuja polepole, pamefunikwa na vumbi gumu. Na juu ya kijiti kile kile palichongwa jina la mafuta yanayotakiwa, kwa herufi za Kizungu: ATF, tena Dexron. Tulikuwa tumetafuta jambo hilo katika kitabu cha Kijapani jioni mbili nzima.

Hapo likazuka shindano ambalo hata mafundi wa Bukavu hawajalimaliza. Wako wasemao kwamba mafuta yaliyoungua yasiguswe kabisa: sahani zimekwisha kuchakaa, na unga wake ulio ndani ya mafuta ya zamani ndio unaozisaidia kushika; ukitia mapya, uchafu hulegea, huziba njia, na motokaa haiondoki tena. Neno hilo si la kijinga. Lakini motokaa yetu ilikuwa na sababu nyingine iliyo wazi, nayo ni upungufu. Kuongeza mapya juu ya yale machafu na kuacha mahali panapovuja, hilo tuliliona kuwa ni kumvika mgonjwa nguo safi bila kumwosha kidonda. Tukachagua njia ya katikati: kuyatoa yale yanayotoka yenyewe, kama nusu ya yote, kwa sababu yaliyo ndani ya vile vyungu viwili hayatoki, kutia mapya, kutembea majuma machache, kisha kurudia, na kurudia tena. Wanafunzi wa mwaka wa sita walipewa jambo hili kuwa hesabu. Mara ya kwanza hubaki nusu ya mafuta ya zamani, mara ya pili robo, mara ya tatu thumuni. Mmoja aliuliza ni mara ngapi hata yaishe kabisa, na darasa zima likacheka alipoanza kuhesabu.

Mafuta yalitoka Bukavu, na bei yake ilitulazimu kuchangishana. Mwuza duka mmoja wa njiani alikuwa na ya rahisi, mekundu vizuri, katika chupa za maji zisizo na karatasi. Tuliyaacha. Rangi nyekundu inaweza kutiwa na yeyote. Motokaa nyingine za Japani, zile zisizo na magurudumu ya meno ndani bali mkanda wa chuma, zinataka mafuta yake mbali, CVT, na ukizitia ATF unaziharibu. Basi mwenye motokaa asome kwanza kilichoandikwa juu yake yeye, asifuate alichotia jirani.

Kriki tulikuwa nayo, lakini hatukutaka mtu alale chini ya motokaa iliyobebwa na kriki peke yake. Wanaume wamekufa hivyo. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba ya katekista, urefu wa mtu aliyeketi, upana usiofikia magurudumu, mahali penye udongo mgumu. Tukapitisha motokaa juu yake, mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Tulichagua asubuhi iliyofuata mvua, wakati vumbi limelala. Hata hivyo mke wa katekista alinyunyiza maji uani pote kabla ya kufagia. Alikuwa na akili kutupita sisi, kwa kuwa adui wa kazi hii ni punje moja ya mchanga.

Buloni ya chini ilifunguliwa, mashine ikiwa vuguvugu, si moto wa kuunguza. Yalitoka lita tatu hivi, yakaingia katika bidoni iliyokatwa, nasi tukayapima kwa chupa ili tujue tutakachorudisha. Kisha tukalishusha sinia lenyewe. Ndani yake mna sumaku ndogo zinazokusanya chuma kilicholika. Hapa mioyo yetu ilidunda, maana sinia hilo ndilo lisemalo ukweli: kukiwa na matope laini ya kijivu, ni uzee wa kawaida, kukiwa na vipande vinavyokwaruza kidole, mauti yako karibu. Fundi wa pikipiki, yule yule wa mafuta ya namba 40, ndiye aliyetia kidole. Akasugua, akanusa, akasema, "Matope." Huyu kijana ana mikono mizuri kuliko yetu, na tangu siku ile hatukufanya kazi bila yeye.

Chujio la motokaa hii ni la wavu wa chuma, laweza kuoshwa kwa esanse na kuanikwa. Hatukulifuta kwa kitambaa. Nyuzi za kitambaa huingia katika njia zile za mchwa. Mpira wa kuzibia sinia ulikuwa umekauka na kupasuka: ndipo palipovuja. Mpya ulikuja pamoja na mafuta. Buloni za sinia hukazwa kwa kuvuka, moja huku na ya pili ng'ambo, kwa nguvu za kifundo cha mkono tu, kwa sababu sanduku ni la alumini, na mwenye kukaza kama anakaza gurudumu la lori ataondoka na meno ya tundu mkononi. Mwisho mafuta mapya hutiwa kwa mrija mwembamba, katika tundu lile lile la kijiti, kidogo kidogo, na kupimwa tena. Kuzidisha nako ni vibaya: meno huyapiga hata yatoke povu, na povu ni hewa.

Jioni ile tulivuta fimbo hadi D. Moja, mbili, ikaondoka. Watoto walipiga makofi, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tukitazama chini kuona kama panavuja. Baada ya mara ya tatu, miezi miwili mbele, haikuhitaji kuhesabu tena. Imekwenda Kasongo usiku mara nyingi tangu hapo, na katika safari moja mtoto alizaliwa njiani bila kungoja hospitali, jambo ambalo hakuna vitesi inayoweza kulizuia.

Bado twaambiwa kwamba motokaa hizi si za matope yetu. Sisi twajibu kwamba vifaru vyepesi vya Marekani katika Vita Kuu ya Pili vilikuwa na vitesi za namna hii, navyo havikutembea juu ya lami. Linalodhuru ni tabia ya dereva. Motokaa ikizama topeni, wengi huvuta D, kisha R, kisha D, wakikanyaga esanse kwa hasira, magurudumu yakizunguka hewani. Na joto lote hilo huingia katika mafuta. Wasaa mmoja wa namna hiyo huyazeesha kuliko miezi ya safari. Afadhali kushuka, kuchimba, kuweka matawi, na kuomba vijana wasukume. Hapo kusukuma kunafaa kweli. Katika vijito pia yataka uangalifu. Sanduku hili lina tundu dogo la kupumulia, na likizama huku lina moto, huvuta maji. Ukiona mafuta yamegeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa damu, usiiwashe tena hata kidogo; maji yameingia, ama kwa tundu hilo, ama radiyatere imepasuka ndani.

Watengenezaji wa siku hizi huandika kwamba mafuta ya vitesi ni ya maisha yote ya motokaa, na wengine wameondoa hata kijiti cha kupimia. Hatujui wanafikiria maisha ya wapi. Motokaa ikija kwetu imekwisha kumaliza maisha yake ya kwanza Japani, na hapa ndipo inapoanza ya pili, katika joto na milima, ikiwa na watu tisa mahali pa watano.

Mafuta ya zamani aliyaomba seremala wa misioni, apake nguzo za ua wa shule mchwa zisile. Tulimpa kwa sharti kwamba asipake nguzo za upande wa chemchemi, naye akalitimiza. Vitesi ya pili bado hukawia kidogo asubuhi za baridi. Pengine sahani zake zimelika, na hilo halitaponywa kwa mafuta. Tumeandika tarehe na kilomita katika daftari ya masomo, ukurasa wa mwisho, na bidoni ya lita nne imewekwa chini ya kitanda cha katekista, haijafunguliwa.